Samaki wa Tatu



Huenda baadhi yenu mtashangaa kukuta habari za samaki wa kufugwa katika gazeti la mtaa wetu, ambalo kwa kawaida hutangaza ndoa, ubatizo na michango ya bati la kanisa. Twaomba mtuvumilie. Sisi wa nyumba hii, mume na mke, si wataalamu wa samaki. Lakini kutokana na samaki hao lilizuka swali ambalo hatukuweza kulijibu upesi, na tulipomweleza Kasisi wetu alituomba tuliandike, ili nanyi mlipime kwa dhamiri zenu.

Mwaka juzi jirani yetu hapa Dar es Salaam alihamishwa kikazi kwenda mkoani. Hakuweza kubeba tangi lake la kioo, akatuachia sisi pamoja na samaki wawili waliokuwamo. Tangi lilikuwa na urefu wa mita moja, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 45, yaani lita 180 za maji likijaa. Samaki wenyewe walikuwa na ukubwa wa kiganja cha mkono, weusi wenye madoa ya rangi ya chungwa, na kila mmoja alikuwa na doa jeusi lenye duara jekundu karibu na mkia, mfano wa jicho. Wauzaji huwaita oska. Asili yao ni mto Amazon na vijito vyake, katika nchi kama Brazili na Peru. Lakini si wageni kabisa kwetu, kwa maana ni wa jamaa ya siklidi, ambayo ndiyo jamaa ya perege na sato tunaowala, na ya kuhe wa Ziwa Tanganyika.

Tuliwapenda mara moja. Oska humjua mtu anayemlisha. Ukiingia chumbani huja mbele ya kioo na kutikisa mwili kama mbwa amwonaye bwana wake. Hupanga nyumba yao wapendavyo: tukiweka jiwe huku, asubuhi tunalikuta kule. Wageni wetu walikuwa wakikaa mbele ya tangi lile na kusahau chai yao.

Hatukujua tulichopokea. Oska huuzwa akiwa mdogo kama kidole, lakini katika muda wa mwaka mmoja hivi hupita sentimita 25, na huweza kufika 30 au zaidi. Akitunzwa vema huishi miaka kumi na kupita. Samaki wawili wa namna hiyo wahitaji tangi lisilopungua lita 400, na letu halikufika hata nusu. Tena chakula kingi huleta uchafu mwingi. Uchafu huo hugeuka amonia, nayo ni sumu. Bakteria wanaokaa katika chujio huibadili hatua kwa hatua ipungue ukali, lakini kazi ya bakteria peke yake haitoshi. Ilitupasa kutoa theluthi moja ya maji kila Jumamosi na kutia mengine safi. Haya tulijifunza polepole, na samaki ndio waliolipa ada ya masomo yetu.

Siku moja tulikuta mayai mengi yamepangwa juu ya jiwe bapa. Ndipo tulipojua kuwa ni dume na jike, maana kwa kuwatazama tu si rahisi kuwatambua. Walilinda mayai yale kwa ukali mkubwa, hata mkono wetu ulipoingia kusafisha kioo waliuuma. Siku ya tatu mayai hayakuwapo. Wazazi walikuwa wameyala, jambo ambalo hutokea mara nyingi kwa jozi changa. Baada ya hapo vita vikaanza. Dume alimkamata jike mdomo kwa mdomo, wakasukumana na kusokotana, magamba yakaruka. Jike alikimbilia pembeni, dume akamfuata. Akaenda pembe nyingine, akamfuata tena.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini tafakarini jambo hili: mtoni, samaki anayeshindwa huogelea akaenda zake, na ugomvi huishia hapo. Mshindi hana haja ya kumwua. Amepata mahali pake, yatosha. Katika tangi la mita moja hakuna mahali pa kwenda. Aliyeshindwa huonekana bado, na kwa kuwa yungalipo, huonekana kama bado anapinga. Hivyo ugomvi ambao Mungu aliupa mwisho, kioo chetu kiliunyima mwisho.

Tulikwenda kwa muuzaji wa samaki mjini kuomba shauri. Alicheka kwa upole, akasema, “Hawa, ndugu zangu, lazima wawe na wa kumpiga. Watieni wa tatu, nao wawili watapatana.” Alikuwa anasema kweli, kama mtakavyoona. Tulipata kifaranga cha perege, urefu wa sentimita kumi hivi, kutoka bwawa la muumini mwenzetu mmoja, tukamtia tangini.

Kabla ya jioni ya siku ile mume na mke walikuwa wamepatana. Waliogelea ubavu kwa ubavu, wakachimba changarawe pamoja, na kwa pamoja wakamfukuza perege. Wiki ya pili perege alikuwa anasimama pembeni chini ya bomba la pampu, kichwa chini, mapezi yamechanika kama bendera ya zamani. Alikuja kula wakati wa usiku tu, taa zikizimwa. Sisi tulimshukuru Mungu kwa utulivu uliorudi, na wageni wakarudia kusifu.

Ndipo binti yetu, ambaye wakati ule alikuwa darasa la pili, alipotuuliza akiwa amesimama mbele ya kioo, “Mama, huyu mdogo amekosa nini?”

Tulimwambia hakukosa kitu. Akauliza, “Basi mbona mmemweka?”

Wapendwa, tulinyamaza. Na usiku ule tulipojaribu kutafuta jibu la kumpa mtoto, tulipata majibu matatu, ambayo twapenda kuyaweka mbele yenu moja moja.

Jibu la kwanza ni kwamba huyu ni samaki tu. Mzee mmoja wa kanisa tuliyemweleza habari hizi alisema, “Wanangu, samaki ni kitoweo. Mkaangeni, mambo yaishe.” Shauri la mzee huyu lina hekima kuliko linavyoonekana. Sisi tunakula samaki, wala hatuoni kuwa ni dhambi. Bwana wetu mwenyewe aliwala baada ya kufufuka kwake, kama Luka anavyoeleza katika sura ya 24. Lakini angalieni tofauti. Anayemvua samaki kwa chakula humwua mara moja, akamla kwa shukrani. Sisi hatukumhitaji perege yule kwa chakula. Tulihitaji kupigwa kwake. Kama angekufa, ingetubidi kutafuta mwingine. Mateso yake ndiyo yaliyokuwa kazi yake, na tulikuwa tumempa kazi hiyo kwa ajili ya pambo la sebuleni.

Wala hatuwezi kujificha nyuma ya wazo kwamba samaki hasikii maumivu. Mwaka 2003 watafiti katika Uskoti walionyesha kuwa samaki aina ya trauti ana neva za kupokea habari za maumivu, na kwamba akidungwa kitu kinachowasha hubadili mwenendo wake, huacha kula, hata hujisugua mdomo kwenye changarawe. Namna anavyoyahisi moyoni ni siri ya Muumba wake. Lakini Mithali 12 inatufundisha kuwa mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake, na haikuweka sharti kwamba kwanza mnyama athibitishe machozi yake.

Kanisa letu la Anglikana lina kumbukumbu katika jambo hili. Mwaka 1824 kasisi mmoja wa Uingereza, Arthur Broome, alikutana na wenzake mjini London, akiwamo William Wilberforce yule aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Broome aliacha kazi ya parokia yake ili kukitumikia chama hicho, na mwaka 1826 alitiwa gerezani kwa sababu ya madeni ya chama. Wengi walimcheka kwamba anajitaabisha kwa ajili ya punda na ng'ombe. Leo hatuoni watu wengi wakiwakumbuka waliocheka.

Jibu la pili ni kwamba hii ndiyo tabia ya asili. Samaki mkubwa humfukuza mdogo tangu ulimwengu uanze. Sisi ni nani tuingilie? Jibu hili tulilipenda kwa muda, mpaka tulipotambua kwamba tayari tumekwisha kuingilia. Perege si wa asili ya mto Amazon. Hakuna ukuta wa kioo katika mto Amazon. Sisi ndio tuliowakutanisha, sisi ndio tuliofunga njia ya kutokea. Mtu akifunga mlango kwa ufunguo, hawezi kusema ni tabia ya asili iliyomzuia mwenzake asitoke.

Na juu ya ukali wenyewe, yafaa tuwatendee haki oska pia. Mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, ambaye mwaka 1973 alishiriki Tuzo ya Nobel na wenzake wawili, aliwachunguza samaki wa jamaa hii kwa miaka mingi. Katika kitabu chake cha mwaka 1949 alisimulia habari za samaki mmoja mdogo mwenye asili ya Afrika Magharibi, ambaye kila jioni alikuwa akiwakusanya watoto wake kwa mdomo na kuwarudisha kiotani. Jioni moja baba huyo alikuwa anatafuna kipande cha mnyoo, mara akamwona mtoto aliyepotea, akamdaka. Sasa alikuwa na vitu viwili mdomoni, kimoja cha kwenda tumboni na kimoja cha kwenda nyumbani. Alisimama kimya kitambo. Kisha akavitema vyote viwili, akaula mnyoo huku jicho lake likimlinda mtoto, halafu akamchukua mtoto akampeleka kwa mama yake.

Mdomo ule ule unaouma ndio unaobeba watoto. Ukali wa samaki hawa ni ua la nyumba yao. Bila huo, watoto wangeliwa siku ya kwanza. Kwa hiyo hatuwezi kumwita oska mwovu. Lorenz mwenyewe alipoandika kitabu juu ya ugomvi wa viumbe mwaka 1963, alikipa kwa Kijerumani jina lenye maana ya “kile kiitwacho uovu”.

Katika kitabu hicho alieleza jambo lile lile alilolijua muuzaji wetu. Dume la siklidi akikaa na jike wake peke yao tangini, bila jirani wa kumkasirikia, hasira yake hatimaye humrudia mkewe. Wafugaji waliweka jozi mbili, moja kila upande, na kioo katikati. Kila dume alimtishia jirani yake kupitia kioo, asiweze kumdhuru, na nyumbani kwake kukawa na amani. Kioo kilipofunikwa na ukungu wa kijani hata wasionane, madume walianza kuwaonea wake zao. Kioo kikisafishwa, ugomvi na jirani ulirudi na amani ya ndani ikarudi.

Tulipoyasoma hayo tulicheka, kisha hatukucheka tena. Ni nyumba ngapi, ni kamati ngapi, ni mataifa mangapi yanayokaa kwa amani ya namna hii? Historia ya Lorenz mwenyewe inahuzunisha. Yeye aliyejua vizuri hivi jinsi hasira inavyotafuta wa kumwangukia, mwaka 1938 alijiunga na chama cha Wanazi, chama kilichowapa watu wake Wayahudi wawe wa kupigwa, hata Wayahudi milioni sita wakauawa. Baadaye, mwaka ule wa tuzo yake, aliandika kwamba anajutia maandishi yake ya wakati ule. Kujua mambo ya samaki hakukumwokoa na kosa la mwanadamu. Samaki hana hatia kwa sababu hajui atendalo. Mwanadamu anajua, au angeweza kujua kama angetaka.

Jibu la tatu ndilo gumu zaidi, na wengi hulitumia bila kulitamka. Linasema hivi: wawili wamepata amani, mmoja tu anaumia, hesabu yenyewe yaonyesha faida. Hesabu hii ni ya zamani. Kayafa aliitumia barazani, katika Yohana 11, aliposhauri kwamba yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu wote. Na Luka, katika sura ya 23, anaongeza neno ambalo sisi tulikuwa tumelisoma mara nyingi bila kusimama: kwamba Herode na Pilato, waliokuwa maadui, walipata kuwa marafiki siku ile ile. Walipatanishwa na nini? Walimpata mtu wa tatu. Walimdhihaki, wakamrudisha mmoja kwa mwenzake, na urafiki ukazaliwa.

Hapo ndipo tulipoona kasoro ya hesabu ile. Wawili hawakupata amani. Ugomvi wao haukwisha, ulihamishwa tu. Mwondoe wa tatu leo, jioni utaukuta ugomvi pale pale ulipouacha, haukupungua hata chembe. Katika Agano la Kale, Walawi 16, dhambi za watu ziliwekwa juu ya mbuzi akapelekwa jangwani. Lakini tusisahau kwamba kwanza Haruni alipaswa kuziungama dhambi zile zote kwa kinywa chake, na watu walipaswa kujitesa nafsi zao siku ile. Sisi hutaka mbuzi aende jangwani bila ungamo. Twataka kutulia bila kutubu.

Wapendwa, tungeweza kuishia hapa, na makala ingekuwa nzuri ya kusomwa na watu wengine. Lakini haitakuwa ya kweli tukiwaficha sehemu iliyobaki.

Jioni moja sisi wawili tulikosana juu ya fedha. Hatukupigana, hatukupaaza sauti. Tulinyamaza tu, kila mmoja na kisirani chake. Wakati wa chakula wali ulikuwa umeungua kidogo. Sote wawili, kwa pamoja, tulimgeukia binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Mmoja alianza kusema, mwingine akamalizia. Tulikubaliana kila neno. Tulimkumbusha kikombe alichovunja mwezi uliopita na siku aliyochelewa kutoka sokoni. Na alipoondoka kwenda jikoni tulijikuta tunaongea sisi kwa sisi kwa wema kabisa, ugomvi wa fedha umesahauliwa.

Alikuwa amesimama jikoni karibu na mlango wa nyuma, kichwa chini. Tulipomwona vile hatukuhitaji mhubiri. Tulitambua pia kwamba haikuwa mara ya kwanza. Kwa muda mrefu tulikuwa tukijisifu kwamba nyumba yetu haina kelele, na msichana mwenye umri wa miaka kumi na tisa, aliye mbali na mama yake, ndiye aliyekuwa akilipa gharama ya utulivu huo kutoka katika mshahara ambao hata haukuwa mkubwa. Wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi. Methali hiyo twaijua sote, na kila tunapoitaja hujihesabu kuwa sisi ni nyasi. Siku ile tulijiona kuwa ni tembo.

Tulimwomba radhi usiku ule. Halikuwa jambo jepesi, maana hatukuzoea, na yeye hakujua aseme nini. Tukapatana naye kwamba kosa la kazi litasemwa na mmoja wetu tu, kwa utulivu, kesho yake. Na ugomvi wa fedha tukaurudia sisi wenyewe mpaka tukaumaliza. Ulikuwa mgumu kuliko tulivyodhani, kwa kuwa ulikuwa umekaa miaka bila kuguswa.

Na samaki je? Tulimtoa perege, tukamweka wiki sita katika pipa safi lenye pampu ndogo, mpaka mapezi yake yakaota tena na tukaridhika kuwa hana ugonjwa, kisha tukamrudisha kwa mwenye bwawa. Huenda siku moja ataliwa. Hatuna neno juu ya hilo.

Oska walianza kupigana mara tu alipoondoka, kama tulivyotazamia. Wengine walitushauri tuwatupe mtoni. Shauri hilo lisikubaliwe na yeyote kati yenu. Katika jimbo la Florida, Marekani, oska wa kufugwa walioingia majini wamezaana hata leo hawaondoleki. Katika ziwa Gatun la Panama samaki mwingine mkubwa wa jamaa hii hii aliingia mnamo mwaka 1967, na katika miaka michache aina kadhaa za samaki wa asili zikatoweka kabisa sehemu alizofika. Nasi tusiende mbali: sangara, ambaye si wa jamaa hii, alitiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa hazionekani tena. Kuwatupa mtoni ni kufanya mto mzima uwe samaki wa tatu.

Basi tulimwita fundi wa vioo, akatutengenezea tangi la urefu wa mita moja na nusu, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 55, la kioo cha milimita 12. Likijaa hubeba maji karibu nusu tani, kwa hiyo tulilijengea msingi wa matofali ya saruji. Ndani tulilaza vyungu vikubwa viwili, ili anayeshindwa apate mahali pa kutoonekana, na fundi alitukatia kioo chenye matundu cha kuwatenganisha siku wanapochafukwa. Fedha zilitoka katika akiba ya kupaka nyumba rangi, ndiyo maana waliotutembelea karibuni wamekuta kuta zilivyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa haki: je, Mkristo atumie fedha kwa ajili ya samaki wawili, hali jirani yake hana unga? Twakiri kwamba swali hili linatuchoma, na hatutaki kulikwepa. Kama tungekuwa tunaanza leo, tungesema hapana, tusiwachukue kabisa. Lakini tuliwapokea. Mungu alipomweka Adamu bustanini, asema Mwanzo 2, alimweka ailime na kuitunza. Na mtu hatunzi kile anachokipenda tu, hutunza kile alichokubali kukishika. Tukiwapunguzia samaki nafasi, hatumpi jirani unga. Unga wa jirani twapaswa kuutoa katika anasa zetu wenyewe, na katika hilo nasi bado tuna deni.

Hatuwezi kusema kwamba tumewapa oska wale mto Amazon. Lita 495 bado ni kifungo. Wanapigana mara chache, na mmoja akishindwa huingia nyuma ya chungu, na mambo huishia hapo. Huenda wataishi miaka kumi mingine. Tumeahidiana kuwatunza mpaka mwisho wao, na baada yao hatutaleta wengine.

Binti yetu bado husimama mbele ya kioo. Juzi alituuliza kama perege anawakumbuka. Tulimwambia hatujui. Lakini sisi tunamkumbuka, na kila tunapojiona tumepatana upesi mno, iwe nyumbani au katika kikao cha kanisa, tumejifunza kutazama pembeni kwanza, kuona kama kuna aliyesimama pale kichwa chini.

Nanyi, ndugu zetu, tazameni pembeni mwa nyumba zenu. Pengine ni mfanyakazi, pengine ni mke wa mwana, pengine ni mtoto mmoja kati ya watoto, au muumini ambaye jina lake hutupatanisha sote kila linapotajwa. Mkimkuta, msimwambie avumilie. Mtoeni pale, kisha rudini mkaumalize ugomvi wenu wenyewe.

Tukumbukane katika sala.

Sisi wenzenu katika mtaa.